Kadiri ya uwezo wake

Saa nane usiku, mtoto wa miaka saba alikuwa amelala kwenye benchi la mapokezi hospitalini, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Alikuwa analia polepole, kama wanavyolia watoto waliozoea maumivu. Miguu ilianza kumuuma tangu magharibi. Mama alimnywesha maji mengi, akampa dawa ya maumivu iliyobaki kwenye kopo, akamkanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Ilipofika saa saba akaona haisaidii. Mtoto mdogo akamwacha kwa jirani, akaita bodaboda.

Dirishani waliomba kadi ya bima ya mtoto. Kadi ilikuwa Dodoma, kwenye droo ya baba yake.

Alichokuwa nacho mama kwenye mkoba ni bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na karatasi moja ya daftari, imeandikwa pande mbili kwa mwandiko mzuri, na chini ina sahihi saba. Akaitoa, akamwonyesha mhudumu mstari aliokuwa ameshaupigia wino: "Baba atawahudumia watoto kwa matibabu na mahitaji mengine kadiri ya uwezo wake."

Mhudumu aliisoma yote, akaikunja vizuri, akairudisha.

"Mama, hii siyo kadi."

Mtoto alitibiwa. Dada wa mama alituma fedha kwa simu usiku huohuo, nyingine ikakopwa kwa jirani aliyebaki na mdogo wake. Maumivu yalitulia kesho yake mchana. Karatasi haikusaidia chochote, ingawa siku iliyoandikwa kila aliyekuwepo aliamini amemaliza kazi kubwa.

Iliandikwa Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, sebuleni kwa baba mdogo wa mume, Ukonga. Upande wa mume walikuwa baba mdogo na shangazi. Upande wa mke walikuja mjomba na dada yake. Mjumbe wa shina aliitwa awe shahidi. Ndoa ilikuwa ya miaka tisa, na ugomvi ulikuwa wa miaka minne. Hakuna aliyetaka kurudia maneno ya zamani, kwa hiyo wazee wakasema jambo la busara: waachane kwa amani, na kila kitu kiandikwe.

Kikaandikwa. Kitanda kikubwa kwa mume, kabati la vyombo kwa mke. Friji ilichukua karibu saa nzima. Ilinunuliwa kwa fedha za upatu za mke, lakini mume ndiye aliyeongezea ili wapate kubwa, na fundi aliyeitengeneza mara mbili alilipwa na mume. Mjomba akasema friji ifuate watoto. Baba mdogo akasema friji ifuate risiti. Risiti haikuwepo. Mwishowe ikaenda kwa mke, na mume akapewa televisheni na pikipiki.

Kiwanja cha Chanika nacho kilizua maneno. Karatasi ya mauziano, iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa, ilikuwa na jina la mume peke yake. "Huyu alikuwa anauza maandazi tu," alisema baba mdogo. "Hapo Chanika hajanunua hata tofali." Kikaandikwa ni cha mume.

Watoto walifikiwa mwishoni, chai ikiwa imeshaletwa. Shangazi alianza kwa kusema kwamba ugonjwa wa yule mkubwa kwao haupo, uliletwa na upande wa pili. Mke alinyamaza, kwa sababu maneno hayo alikuwa ameyasikia tangu mtoto apimwe akiwa na miezi tisa. Kijana aliyekuwa anaandika akauliza: "Sasa niandike nini?" Baba mdogo akampa ile sentensi. Ilichukua dakika moja.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana kauli kama ya shangazi imevunja nyumba nyingi. Selimundu, ugonjwa ambao wengi wanauita sikoseli, mtoto harithi kwa mzazi mmoja. Kwa aina iliyo ya kawaida zaidi nchini, ili azaliwe nayo lazima apokee kinasaba kimoja kwa baba na kingine kwa mama. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa, hawajawahi kuumwa, na bado katika kila ujauzito kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa. Upande wa shangazi nao ulichangia nusu. Ndiyo maana mdogo wake, wa baba huyohuyo na mama huyohuyo, alipimwa akaonekana hana.

Na selimundu si ugonjwa wa kuhudumiwa "kadiri ya uwezo". Ni dawa kila siku, kliniki kwa tarehe, damu kupimwa mara kwa mara kwa mtoto anayetumia haidroksiyurea, chandarua kila usiku, maji ya kunywa muda wote na sweta kukiwa na baridi. Homa kwa mtoto kama huyu haisubiri mshahara. Ukikosa hayo kwa wiki mbili, hutajua siku hiyo. Utajua saa nane usiku.

Baba hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe, kwa sababu habari za namna hii huwa zinamtafuta mbaya haraka. Ni mtumishi wa umma, na miezi michache baada ya kikao alihamishiwa Dodoma. Mwezi wa kwanza alituma 150,000. Wa pili 100,000. Wa tatu 60,000, na ujumbe kwamba mambo yamebana. Alikuwa na kodi ya chumba, mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, na mama yake mzazi kijijini. Mwezi wa nne hakutuma, na mwezi wa tano simu ikawa inaita bila kupokelewa. Kwa maneno ya ile karatasi, alikuwa hajavunja lolote. Uwezo wake ulikuwa umefika hapo, na aliyeupima ni yeye mwenyewe.

Asubuhi baada ya usiku ule, mama alielekezwa kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali ili azungumzie deni lililobaki. Alikuwa mama wa makamo, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba. Aliomba kuiona karatasi. Akaisoma, akarudia mstari uliopigiwa wino, akauliza swali ambalo sebuleni Ukonga hakuna aliyeuliza.

"Mwanangu, kadiri ya uwezo wake ni shilingi ngapi?"

Mama hakuwa na jibu.

"Na ni tarehe ngapi?"

Hakuwa na jibu.

"Asipotoa, unaenda wapi?"

Afisa yule alimweleza jambo lililomshtua kuliko deni: yeye na mume wake walikuwa bado mke na mume. Walifunga ndoa bomani, na chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 talaka hutolewa na mahakama. Ndugu wanaweza kukaa, kupatana na kuandika, lakini sahihi zao hazivunji ndoa. Shauri kwa kawaida huanzia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Makubaliano ya mali na watoto yanapelekwa huko, yanasomwa, na mahakama ikiridhika inayaingiza kwenye amri yake. Yakishaingia humo, asiyeyafuata hamkosei tena mke wa zamani peke yake. Anaikosea mahakama.

Kwa hiyo kazi ikaanza upya. Baraza la kata liliwaita wote wawili. Baba alipanda basi usiku kutoka Dodoma akafika na begi mgongoni. "Mimi sijakataa watoto," alisema, na alikuwa anasema kweli. Vikao vilikuwa viwili. Hawakupatana kurudiana, wakapewa hati yao.

Safari hii mama hakuandikiwa na kijana mwenye mwandiko mzuri. Alimpata msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao hawatozi fedha. Kitu cha kwanza alichoambiwa kuleta ni kadi za kliniki za mtoto, zote, hata zilizochanika. Alishangaa. Alidhani angeulizwa risiti.

Kadi zilionyesha tarehe za kliniki za miaka sita na mara nne ambazo mtoto alilazwa. Msaidizi alimwomba aandike pembeni, kwa kumbukumbu yake, nani alimpeleka na nani alilala wodini. Ilikuwa jina moja karibu kila mstari. Kisha akamweleza kwamba sheria, katika kugawa mali iliyopatikana wakati wa ndoa, inaangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Inaangalia pia madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote na mahitaji ya watoto. Kazi ya nyumbani ni kazi. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ambayo wanawake wengi wanaitaja mpaka leo. Wengi wanaoitaja hawafiki mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakushinda, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mume wake aanzishie shughuli ya kipato hazikufanya kazi hiyo. Mchango unahesabiwa, na ulichoharibu nacho kinahesabiwa.

Kwa mama huyu hapakuwa na kilichoharibika. Maandazi yalilipa kodi ya nyumba miezi ambayo fedha za mume zilikwenda Chanika, na mume hakubisha. Kiwanja, ambacho kwenye karatasi ya kwanza kilikuwa cha mtu mmoja, kwenye ya pili kikawa cha wawili. Kingeuzwa kwa bei ambayo wote wameikubali kwa maandishi, wagawane nusu kwa nusu, na kabla hakijauzwa hakuna anayeruhusiwa kukiweka rehani. Friji haikutajwa tena. Ilikuwa imeshaharibika kompresa.

Kwenye matunzo ndipo walipokaa muda mrefu, na ndipo paliposaidia zaidi. Msaidizi alikataa kuandika kiasi chochote kabla ya kuona salari slipu ya baba. Wengi hawaiulizi, kwa heshima au kwa woga, wakaandika kiasi kinachopendeza masikioni ambacho hakitalipika. Slipu ilionyesha mkopo wa benki umeshakula sehemu kubwa, na mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Maana yake, hata mahakama ingeamuru fedha ikatwe kwa mwajiri, nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo. Benki ilikuwa imetangulia kupanga foleni. Mama alikuwa ametaka 200,000. Walipoiangalia slipu pamoja, wakaandika 120,000 kila mwezi, kisha 180,000 kuanzia mwezi unaofuata baada ya mkopo kwisha. Tarehe ya mwisho wa mkopo ikaandikwa kama inavyosomeka benki.

Malipo yatumwe tarehe 27, kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mama. Michango ya shule alipe baba moja kwa moja shuleni. Watoto wote wawili wabaki kwenye bima ya baba, na kadi zao zikae kwa mama. Bima ikisimama kwa sababu yoyote, baba atoe taarifa ndani ya siku saba. Dawa ambayo bima hailipi wagawane, yeye theluthi mbili, mama theluthi moja, kwa kuonyesha risiti. Siku ya kliniki mama apeleke, na mara moja kila baada ya miezi sita baba apeleke mwenyewe. Sharti hili la mwisho liliombwa na mama. Msaidizi alidhani ni la kumwadhibu. Mama akasema hapana, anataka tu siku moja baba naye asikie daktari anavyoeleza.

Likizo watoto waende Dodoma. Hapo mama aliomba iandikwe sweta. Baba alicheka kidogo, kwa sababu sweta kwenye karatasi ya mahakama inaonekana kichekesho. Lakini usiku wa Dodoma mwezi Juni na Julai si wa Dar es Salaam, na baridi ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu ya selimundu. Ikaandikwa: mtoto asafiri na dawa za siku zote atakazokaa, kadi ya bima, kadi ya kliniki na sweta, na arudi navyo.

Walikwenda nayo kwenye Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kule Temeke, daladala mbili kutoka nyumbani. Hakimu alimuuliza kila mmoja peke yake kama amelazimishwa. Aliuliza watoto wanaishi na nani, wanasoma wapi, mkubwa anaendeleaje. Kuhusu watoto, mahakama haifungwi na wanachokubaliana wazazi. Inaweza kukikataa, na hata baada ya miaka inaweza kukibadilisha ikiona maslahi ya mtoto yanataka hivyo. Mama mwenye kuandikishwa kwamba hatadai matunzo tena kamwe, ili tu aachwe kwa amani, hajaifunga haki ya mwanawe. Hilo pia hawakulijua Ukonga.

Talaka ilitolewa. Makubaliano yakaingia kwenye amri, na kila mmoja akachukua nakala yenye mhuri. Kwa wengi habari ingeishia hapo, lakini karatasi yenye mhuri nayo haitembei yenyewe.

Miezi mitano fedha ilikuja, mara nyingine tarehe 27, mara nyingine 30. Mwezi wa sita haikuja, wa saba ikaja nusu. Safari hii mama hakupiga simu mara kumi. Alikuwa na daftari dogo ambalo msaidizi alimwambia aliweke: tarehe, kiasi, namba ya muamala, na risiti za dawa zimebanwa nyuma. Alituma ujumbe mmoja wenye adabu, akataja kiasi kilichobaki. Wiki mbili zikapita. Akachukua daftari na nakala ya amri, akarudi Temeke kufungua maombi ya kukaza hukumu.

Neno hilo, kukaza hukumu, wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamechelewa. Mahakama haifuatilii kama fedha imetumwa. Aliyeshinda ndiye anayerudi kusema haijatumwa, na akirudi na maneno matupu itakuwa neno lake dhidi ya neno la mwenzake. Mama alirudi na kurasa tano. Baba alipoitwa alikuja na maelezo yake: alikuwa ameongeza mkopo mwingine juu ya ule wa kwanza, kwa ajili ya kumalizia kibanda cha mama yake kijijini. Alikuwa anaomba kiasi kishuke hadi 70,000.

Ombi la kubadilisha kiasi si kosa. Mtu anaweza kufukuzwa kazi au kuugua, na sheria inaacha nafasi hiyo. Lakini hakimu alimuuliza kama alipokuwa anasaini mkopo wa pili alikuwa anajua kuhusu 120,000 ya kila mwezi. Akasema alijua. Kiasi kikabaki palepale. Deni la nyuma likagawanywa kwa miezi mitatu, na akaelezwa kwamba akikosa tena hatua itakayofuata ni makato kwa mwajiri au kukamatwa mali, ikiwemo nusu yake ya kiwanja cha Chanika, ambacho kilikuwa bado hakijapata mnunuzi. Alitoka nje amekasirika. Kwenye ngazi alimpita mama wa watoto wake bila kumwangalia, akashuka hatua tatu, akarudi kumuuliza kama mtoto bado anasumbuliwa na miguu.

Mwezi Juni watoto walikwenda Dodoma, kwa mara ya kwanza tangu talaka. Mama alipanga begi kwa kufuata karatasi: kopo la dawa limehesabiwa vidonge, kadi mbili kwenye mfuko wa nailoni, chupa ya maji, sweta ya bluu iliyoanza kuwa fupi mikononi. Dada yake alimwambia asitume kadi, atajuta. Akaituma, kwa sababu imeandikwa.

Siku ya pili, saa mbili usiku, simu iliita. Mama aliiangalia jina, akakaa kitandani kabla ya kupokea.

"Mama watoto, hajambo, usiogope," baba alisema. "Nauliza hii dawa ya jioni. Anakunywa kabla ya kula au baada?"

"Baada. Na maji mengi."

"Maji anakataa."

"Mtilie kwenye kile kikombe chenye mfuniko. Kiko chini ya sweta."

Ikasikika zipu ya begi ikifunguliwa, na mtoto akisema kwa mbali kwamba kikombe hicho ni chake, mdogo wake asikishike.